Swali la "kwa nini" nililolizima mwenyewe

Nilifundisha hesabu katika shule za msingi za wilaya ya Lushoto kwa muda wa miaka 31, na sasa nimestaafu. Alfajiri huenda msikitini, mchana hupalilia migomba na kahawa, na baada ya Isha hukaa barazani na wazee wenzangu. Katika kurasa hizi nimesoma mara nyingi malalamiko ya wazazi juu ya makosa ya watoto. Leo naomba nafasi nieleze kosa la mzazi, nalo ni langu mwenyewe. Lilianza kwa pembetatu ya namba.

Asiyependa hesabu asifunge ukurasa, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Andika 1 juu ya karatasi, katikati. Chini yake andika 1 na 1. Kuanzia hapo kila mstari huanza kwa 1 na kuishia kwa 1, na kila namba ya ndani ni jumla ya namba mbili zilizo juu yake, ya kushoto na ya kulia. Kanuni nzima ndiyo hiyo, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifuata hadi karatasi iishe:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1
1 5 10 10 5 1

Kutokana na kanuni hiyo fupi hutoka mambo ambayo hayakuandikwa ndani yake. Fuata mshazari wa tatu utakuta 1, 3, 6, 10: hiyo ndiyo idadi ya nyanya unapozipanga kwa umbo la pembetatu, kila safu ikizidi iliyotangulia kwa nyanya moja. Mshazari wa nne ni 1, 4, 10, nao ni hesabu ya fungu zima. Muuza nyanya wa soko la Lushoto akiweka 3 chini na 1 juu, fungu lina 4. Akiweka 6 chini, 3 katikati na 1 juu, fungu lina 10. Soma tena mistari yenyewe kana kwamba kila mmoja ni namba moja: 11 mara 11 ni 121, 121 mara 11 ni 1331, 1331 mara 11 ni 14641. Na ukijumlisha namba za kila mstari utapata 1, 2, 4, 8, 16, 32. Kila jumla ni mara mbili ya jumla iliyo juu yake.

Jumla hizo ndizo zilizonitia katika kosa.

Mwaka 1996 nilikuwa nikifundisha darasa la sita, na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo binti yangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12. Darasani aliniita Mwalimu kama wenzake. Siku hiyo nilichora pembetatu ubaoni, nikawataka wanafunzi wajumlishe kila mstari, kisha wataje jumla ya mstari unaofuata kabla ya kuuandika. Wote waliona upesi kwamba ni kuzidisha kwa 2. Nikaridhika, nikashika kifutio. Ndipo binti yangu aliponyosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini ni mara mbili? Hatukuzidisha kwa mbili mahali popote. Tulijumlisha tu."

Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni, aandike jibu. Akasema jibu ameshaandika, anachouliza ni sababu. Watoto wawili watatu wakacheka. Nikamwambia asimame hadi kipindi kiishe, na kwamba mtoto mwenye adabu habishani na mwalimu wake, sembuse mwalimu ambaye ni baba yake. Alisimama dakika 25, akiutazama ubao niliokwisha kuufuta.

Ukweli ambao sikumwambia mtu yeyote ni kwamba sababu yenyewe sikuijua. Nilifundishwa pembetatu ile kama nilivyoifundisha, jibu bila asili yake, na katika miaka yote ya ualimu sikuwahi kujiuliza. Mtoto wa miaka 12 alikuwa ameona pengo ambalo mwalimu wake hakuliona, na badala ya kushukuru nikaona haya, na haya ile nikaivisha vazi la ukali.

Hakuniuliza tena. Sisemi juu ya hesabu pekee. Hakuniuliza tena jambo lolote linaloanza na neno "kwa nini". Nyumbani alikuwa mtiifu, akichota maji, akipika, akihifadhi juzuu yake, nami nikauita ukimya huo adabu. Alifaulu kwenda sekondari, lakini katika mtihani wa kidato cha nne alipata alama ya chini kabisa katika somo la hesabu. Nilimlaumu kwa uvivu. Leo ni mfanyabiashara: hununua karoti, hoho na kabichi kwa wakulima, akazipakia kwenye malori yanayoshuka kupitia Soni na Mombo kuelekea Dar es Salaam. Hesabu za magunia, nauli ya lori, ushuru na faida huzipiga kichwani, kwa kasi ambayo mimi na kalamu yangu hatuifikii. Kwa miaka mingi nililiona hilo kwa macho yangu, na sikujiuliza imekuwaje kwa mtu aliyefeli hesabu.

Juni mwaka 2024 mwanawe, ambaye ni mjukuu wangu, alikuja likizo kutoka Tanga anakosoma bweni. Alikuwa kidato cha kwanza. Wanaoijua Lushoto wanaijua baridi ya Juni: ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba mchana kweupe, na familia nzima huhamia jikoni penye moto. Mjukuu alikuwa na daftari lake magotini, mama yake akimenya viazi upande wa pili wa moto, nami nikinywa chai.

"Babu, hebu tazama pembetatu hii. Mbona kila jumla ni mara mbili ya iliyotangulia?"

Nilifungua kinywa, na maneno yale yale ya mwaka 1996 yakanijia ulimini: kanuni ni kanuni. Nikamtazama binti yangu. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. Yeye hakunitazama.

"Sijui, mjukuu wangu," nikasema. "Nimeifundisha miaka yote ile, na sijui."

Kisu kikaanza tena kazi yake. Kisha binti yangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayetaja bei ya hoho: "Kila namba hutoa mara mbili. Hujitoa kwa namba iliyo chini yake kushoto, ikajitoa tena kwa namba iliyo chini yake kulia. Hata ile 1 ya pembeni hutoa mara mbili: mara moja kwa 1 ya pembeni iliyo chini yake, mara moja kwa namba ya ndani. Hakuna inayotoa mara moja, wala hakuna inayotoa mara tatu. Basi mstari wa chini hauna budi kubeba kila kilichoko juu mara mbili."

Mjukuu akachora vishale kutoka kila namba, viwili viwili, akacheka kwa furaha. Mimi sikucheka.

"Mwanangu, hayo ulifundishwa na nani?"

"Na njia ya kutoka shule," akajibu. "Siku ile ile, Baba. Nililijua jibu kabla sijafika nyumbani. Ila wewe hukuniuliza."

Ndugu msomaji, naomba niieleze njia hiyo, maana ndani yake mna sababu ya pembetatu nzima. Shule ilikuwa juu, kwenye mgongo wa mlima, na nyumba yetu ilikuwa chini. Katikati palikuwa na mashamba yaliyokatwa kwa matuta sita, kama ilivyo kwenye miteremko mingi ya Usambara. Kutoka shuleni ungeweza kushuka kwa kushoto au kwa kulia. Ukifika tuta la kwanza, tena kushoto au kulia. Na hivyo hivyo hadi chini. Binti yangu, akishuka na machozi yake, alijiuliza ana njia ngapi za kufika kila mahali. Akaona kwamba kila njiapanda kwenye tuta hufikiwa kutoka pande mbili tu, juu kushoto au juu kulia. Kwa hiyo njia za kufika hapo ni njia za upande huu ukijumlisha na njia za upande ule. Kwenye ukingo kabisa, kando ya korongo, hufika kwa njia moja tu, na ndiyo maana pembeni huwa 1 daima. Hiyo ndiyo kanuni ya pembetatu. Lakini sasa si amri ya mtu tena. Ni jambo ambalo haliwezi kuwa vinginevyo. Na kwa kuwa kila tuta humpa mwenye kushuka hiari mbili, jumla ya njia huongezeka maradufu kwa kila tuta. Kwenye tuta la sita namba ni 1, 6, 15, 20, 15, 6, 1, na jumla yake ni 64. Nyumba yetu ilikuwa katikati kabisa. Ilikuwa na njia 20.

"Nilizipita zote," akasema. "Siku 20 za shule, wiki nne, kila siku njia mpya, ili nihakikishe. Hukumbuki ulivyokuwa ukinigombeza kwamba nakanyaga maharage ya watu?"

Nilikumbuka.

Nilimwomba msamaha mbele ya mwanawe. Katika umri wangu wote sikuwa nimewahi kumwomba mtoto wangu yeyote msamaha, na maneno yalitoka kwa tabu. Alinyamaza, akaosha viazi, akavitia chunguni. Kisha akasema: "Nimekusamehe, Baba. Lakini usiniambie kwamba ningekuwa mhandisi. Hilo ndilo linaloniuma." Sikumwambia.

Usiku ule usingizi ulichelewa. Nilikumbuka simulizi za marehemu baba yangu juu ya miaka ya 1940 na 1950, wakati Waingereza walipowalazimisha watu wa bonde la Mlalo kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko. Wasambaa waliyakataa. Udongo wao waliujua na kuupenda kuliko bwana shamba yeyote, lakini matuta yale yaliletwa kwa amri na adhabu, na kazi yake ilikuwa nzito kwa watu ambao maoni yao hayakusikilizwa. Mpango ule ukaachwa kabla ya uhuru. Miaka mingi baadaye wakulima wa milima hii hii wamekata matuta na kupanda majani ya kushikilia udongo, baada ya kuonyeshwa sababu na kuiona faida kwa macho yao. Nimezaliwa katika watu walioyakataa matuta ya amri, nami nikamlimisha mwanangu tuta la amri.

Daftari la mjukuu liliiita pembetatu ile kwa jina la Mfaransa Blaise Pascal, aliyeiandikia risala mwaka 1654, ikachapishwa mwaka 1665 baada ya kufa kwake. Risala ile ni kazi kubwa, na haki ya mtu haipunguzwi. Lakini nilipoanza kusoma, uzeeni, kile nilichopaswa kukisoma ujanani, niligundua kwamba zaidi ya miaka 600 kabla ya risala hiyo palikuwa na mwanazuoni wa hesabu mjini Baghdad, Abu Bakr al-Karaji, aliyekuwa na jedwali la namba hizi hizi. Alizihitaji ili kuzidisha jumla ya vitu viwili kwa nafsi yake mara nyingi. Kumbuka ile 11 tuliyoanza nayo: ni 10 na 1 vilivyojumlishwa, na ndiyo sababu 1331 na 14641 zilijitokeza. Al-Karaji alitaka kanuni ya vitu vyovyote viwili, na mistari ya pembetatu ndiyo iliyompa jibu.

Maandishi yake yenyewe juu ya jedwali hilo yamepotea. Tunayajua kwa sababu katika karne ya 12 mwanazuoni mwingine wa Baghdad, al-Samaw'al, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi na baadaye akasilimu, aliyanakili katika kitabu chake al-Bahir, jedwali likifika hadi hatua ya 12. Inaelezwa kwamba alikuwa kijana wa miaka 19 alipokiandika. Angeweza kujipa sifa, na nani angemjua? Badala yake alitaja kwamba jambo hili ni la al-Karaji. Na hakuishia kulichora jedwali. Alieleza namna kila namba inavyozaliwa na zile zilizoitangulia, na akaonyesha kwa nini.

Upande wa Magharibi, mjini Marrakesh, alikuwapo Ibn Mun'im, aliyefariki mwaka 1228. Katika kitabu chake Fiqh al-Hisab alichukua rangi kumi za hariri na kuuliza vinaweza kutengenezwa vishada vingapi vya rangi mbili, vya rangi tatu, na kuendelea. Vya rangi tatu ni 120, na sababu yake anaweza kuielewa fundi yeyote wa kofia. Itazame rangi ya kumi: ama imo katika kishada ama haimo. Ikiwamo, unachagua nyingine mbili kati ya tisa, nazo ni njia 36. Isipokuwamo, unachagua zote tatu kati ya tisa, nazo ni njia 84. Jumlisha, upate 120. Ni kushoto na kulia vile vile, kama kwenye matuta yetu.

Niliyasimulia haya barazani, na mzee mmoja akapiga paja lake: "Kumbe ni yetu!" Tukafurahi sote. Uadilifu ulinilazimu niongeze kwamba Wachina nao waliichora, akiwamo Yang Hui mwaka 1261, na Wahindi walikuwa nayo pia. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani na tochi yangu, furaha ile ilianza kunichoma. Yetu kwa vipi? Shamba la marehemu hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana, na mrithi hupata fungu lake hata akiwa amelala. Elimu haigawanywi hivyo, humwendea anayeuliza. Al-Karaji aliuliza. Al-Samaw'al aliuliza akiwa kijana, na aliyemtangulia akampa haki yake. Katika darasa langu aliuliza mtoto mmoja, nami, ninayejivunia Baghdad, nikamsimamisha dakika 25. Siku ile mrithi wa wanazuoni wale alikuwa yeye, na mlango wake niliufunga mimi.

Wazazi wenzangu, na walimu wa shule na wa madrasa, sina elimu ya malezi zaidi ya jeraha hili. Mtoto anapouliza "kwa nini", mara nyingi haipimi heshima yetu. Anatuonyesha mahali ambapo akili yake imefika. Kama unajua, mweleze. Kama hujui, sema hujui, kisha mtafute pamoja. Neno hilo halikuniondolea heshima jikoni kwangu, bali lilifungua kinywa kilichofungwa kwa miaka 28. Na kabla ya yote mwulize yeye anafikirije, kwa maana huenda jibu analo tayari, na anangoja mtu wa kumpa. Tusichelewe. Binti yangu amenisamehe, lakini mtihani wa kidato cha nne haukurudi.

Siku mbili kabla ya likizo kwisha nilipanda na mjukuu hadi kule juu shuleni, ili tushuke kwa njia za mama yake. Mengi yamebadilika. Kwenye tuta la pili, pale katikati, jirani amejenga nyumba, na njiapanda ile haipo tena. Mjukuu akasimama. "Babu, kama pale hapapitiki, zimebaki njia ngapi za kufika nyumbani?"

Nikasema sijui. Tukakaa juu ya jiwe, akafungua daftari, akaandika 0 mahali palipojengwa, tukaanza kujumlisha kushuka chini, tuta kwa tuta: 1, 0, 1, kisha 1, 1, 1, 1, kisha 1, 2, 2, 2, 1. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tulipomaliza. Tukachagua njia moja kati ya zilizosalia, tukaishuka polepole kwa ajili ya magoti yangu, bila kukanyaga maharage ya mtu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alituona tulikotokea, akaliona daftari mkononi mwa mwanawe.

"Mmepata ngapi?" akauliza.

"Nane," nikasema. "Kwa nini zimepungua 12?"

Akatabasamu, akasogea kutupisha kizingitini, na akaanza kunieleza.

Wabillahi tawfiq.